Kavira amekatala kukohola

Batu yangu, leo mutoto amenipatisha haya mbele ya infirmière, ni kusema muuguzi!

Kavira, kasichana kangu ka myaka mbili, alikohola busiku muzima. Asubui nikamubeba mbio ku centre de santé, kituo cha afya ya hapa Butembo.

Infirmière akamuinua nguo, akaangalia mbavu, akasikiliza pumzi. Kisha akamuambia: "Kohola kidogo, nisikie."

Kavira akafunga kinywa na mikono yote mbili.

"Kohola, chérie."

Hapana! Akakaza mikono zaidi.

Njo nikakumbuka. Wakati tulikimbia vita kule Kamango, tulijificha mu shamba ya kakao. Ni mimi nilimufunga kinywa na mukono: "Usikohole, batatusikia."

Nikaelezea infirmière. Akapiga magoti mbele ya mutoto: "Huku hakuna mutu anatutafuta. Kohola yote."

Eeh! Kavira akamukoholea mu uso kabisa! Batu bote bakacheka, na yeye pia.

Infirmière akaniambia mapafu iko muzuri, ni mafua tu. Lakini akianza kupumua mbio ao akikatala kunywa, nimurudishe palepale.

Tulipofika ku mulango, Kavira akaniangalia: "Mama, na weye kohola."

Municheke tu. Nilikohola.