Barua ya Mrisho

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila ninaposikia neno usaili, mwanangu. Na kwa kuwa umeniaga kwamba kesho wewe na mwenzako mnakwenda kuhojiwa kwenye hiyo kampuni ya kompyuta, nimeona nikueleze. Sijapata kumweleza mtu humu nyumbani, hata mama yako.

Enzi za vijiji vya ujamaa nilikuwa nakaa Vihingo, mimi na rafiki yangu Mrisho. Tulisoma darasa moja, tukaomba kazi pamoja kwenye shirika kubwa la mitambo ya simu Dar es Salaam. Mimi nilikuwa na maneno mengi na suruali iliyopigwa pasi. Mrisho alikuwa na akili. Redio za kijiji kizima zikinyamaza alizifungua yeye, akazifunga, zikasema.

Barua zetu zilikuwa zinafikia ofisi moja pale Kisarawe mjini. Yeyote aliyekwenda huko kwa shughuli zake alizichukua zote, na akirudi anazigawa nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyewahi kumkagua mwenzake.

Siku hiyo nilikwenda mimi. Nikakuta bahasha mbili zinazofanana, yangu na ya Mrisho. Nikafungua yangu: naitwa kwenye usaili Jumatatu. Njiani nikaanza kupiga hesabu za kijinga. Tukienda wote wawili, Mrisho atawaonyesha anachokijua, mimi nitabaki na suruali yangu. Nilipofika nyumbani nikaificha barua yake chini ya godoro.

Jioni akaja mbio.

"Sefu, yangu haikuwepo?"

"Haijafika bado, ndugu yangu. Labda wiki ijayo."

Akanipa mkono wa hongera. Akakaa mpaka magharibi akinifundisha namna umeme unavyopita kwenye simu, ili nisiaibike mbele ya wakubwa. Mwanangu, karibu yote niliyojibu Jumatatu ile yalikuwa maneno yake.

Walionihoji walikuwa watatu, na waliridhika. Mmoja wao, mama mwenye miwani, akatazama karatasi yake.

"Mwenzako wa Vihingo yuko wapi? Tuliwaita pamoja kwa sababu nafasi ziko mbili."

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Nikasema, "Anaumwa." Akakata jina la Mrisho kwa kalamu huku namwangalia.

Kazi ile niliifanya miaka mingi, na ndiyo iliyokusomesha. Mrisho alibaki Vihingo akichoma mkaa. Kila nikienda kijijini alinipokea na mihogo, akaniuliza kama wale watu bado wanaita vijana. Kila mara nilijiambia nitamweleza safari ijayo. Kifua kikamchukua kabla sijamweleza, na mpaka leo moyo unaniuma.

Siku ya arobaini yake, mjane wake, Bi Mwanaidi, aliniita pembeni.

"Shemeji, wewe unawajua watu wa pale. Mwenzio alikuwa na kasoro gani hata wasimwite?"

Nikamweleza yote. Hakulia, hakunitukana.

"Amekufa anajiona mjinga," alisema, akaenda kuwapakulia watu chakula.

Basi kesho, mwanangu, mwenzako akiuliza jambo unalolijua, mwambie. Likifika neno lake mikononi mwako, mfikishie hata kama litakukosesha wewe. Ukikosa kazi kwa sababu yeye anajua zaidi, rudi nyumbani, tutakula tulichonacho, na mimi ndiye nitakayekupokea mlangoni kwa furaha. Na kama kuna mtu umemkosea, mfuate leo angali anakusikia. Usijidanganye na safari ijayo kama mimi baba yako.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akufungulie mlango, akupe riziki ambayo hutaona haya kuila mbele ya mtu yeyote, na akujalie usingizi ambao mimi sikuupata. Amin.