Mgeni Aliyepewa Brashi Yangu

Harufu ya rangi ya mafuta iliyochanganywa na tapentaini hupanda moja kwa moja hadi machoni, na mimi nimekua nayo jinsi watoto wengine wanavyokua na harufu ya uji. Baba alikuwa fundi wa kuandika majina ya boti. Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Nyalenda, Kisumu, vyumba viwili vya mabati, na makopo yake yalikaa chini ya kitanda, karibu na sufuria, kiasi kwamba Mama alikuwa akilalamika kwamba hata sukuma wiki yake inanuka rangi. Asubuhi Baba aliyafunga makopo kwenye keria ya baiskeli, akateremka hadi Dunga, ambako boti mpya zilikuwa zimelazwa ufukweni kati ya mafunjo na nyavu zinazokauka. Pale kwetu boti haikuingia ziwani bila jina. Mwenye boti alichagua jina, fundi akaliandika kwa herufi kubwa ubavuni, karibu na pua, na herufi ya kwanza ndiyo iliyokuwa na heshima yake. Ikikaa wima, watu walisema boti imeamka vizuri. Wanawake waliokuwa wakisubiri kununua samaki waliitazama boti ikikaribia na kumtambua fundi kwa herufi ile moja tu, na herufi za Baba zilisimama kama askari.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi, na kitu nilichokitaka duniani kilikuwa kimoja: kuandika herufi ya kwanza ya boti. Mwaka mzima nilijifunza kwenye kipande cha bati nyuma ya choo, kwa brashi iliyokatika mpini na mabaki ya rangi yaliyoganda mdomoni mwa makopo. Niliandika, nikafuta kwa tapentaini, nikaandika tena, mpaka vidole vikabanduka ngozi. Baba alikuwa akipita, anatazama, anaenda zake. Halafu siku moja shule zikikaribia kufungwa alisimama, akainamisha kichwa, akaniambia: "Adhi, mkono umeacha kutetemeka. Boti ya Mzee Ogola ikiisha, herufi ya kwanza ni yako." Ogola alikuwa mvuvi mkubwa pale Dunga, na boti yake mpya ilikuwa iitwe BARAKA. Nililitangazia darasa zima. Niliota ile B. Niliichora kwa kidole kwenye uji, kwenye vumbi, kwenye mgongo wa mdogo wangu akiwa amelala.

Basi shule zikafungwa, na Lilian akashuka kutoka Nairobi. Lilian alikuwa binti wa shangazi yangu, dada yake Baba, tumepishana miezi michache tu. Alikuja na sanduku lenye magurudumu, soksi nyeupe, na kofia yenye ua pembeni. Majirani walitoka nje kumtazama, maana mgeni ni kuku mweupe. Nami niseme ukweli, sina sababu ya kujipamba leo: nilimwonea wivu kabla hajavua viatu. Niliona gere kwa soksi, nikaona gere kwa kofia, na Mama alipomwekea ule mto wetu mmoja laini na kunipa mimi leso iliyokunjwa, roho ikaniuma mpaka nikakosa usingizi.

Baba alikuwa na imani yake kuhusu wageni. Mgeni wa Kisumu, alisema, haachiliwi arudi kwao kabla hajafanya mambo ya lazima: ale samaki wa ngege mzima ufukweni kwa mikono yake, aone viboko jioni kule Hippo Point, apite ndani ya mafunjo kwa boti, na apande Kit Mikayi, yale mawe makubwa ya Seme yaliyobebana. Asipofanya hayo, aibu ni ya mwenyeji. Sikiliza sasa. Mimi nilizaliwa pale, na kati ya hayo yote nilikuwa nimekula samaki tu, tena mgongo wazi, ule uti wa mbuta unaobaki viwandani wakishatoa minofu, unaokaangwa na kuuzwa kwetu sisi. Kiboko nilimjua kwa picha ya kitabu cha shule. Kila nilipoomba, Baba alinijibu kwa upole: "Wewe ni wa hapa. Utaona siku nyingine." Hiyo siku nyingine ilikuwa haijawahi kufika, na sasa niliiona imefika, imevaa kofia yenye ua.

Walianza na samaki. Tulikwenda sote, na Lilian akaletewa ngege mzima, mkubwa hadi mkia unaning'inia nje ya sinia, na mchuzi wa nyanya juu yake. Sisi tukagawana mmoja watu wanne. Mwiba ukamkwama kooni, na hapo ukoo wote ukasimama. Mama anampiga mgongo, Baba anammezesha tonge la ugali, mwenye kibanda analeta ndizi, na wateja wa meza ya pili wanasema pole, pole, mtoto wa watu. Mimi nilikuwa nimekwamwa na miiba maisha yangu yote na sijawahi kuambiwa pole, niliambiwa meza vizuri. Siku ya viboko aliketi kwenye keria na kumshika Baba kiunoni, nami nikabaki nimepanga foleni ya maji na madumu mawili. Walirudi jua limeshazama, Lilian akiniigizia jinsi kiboko anavyopiga chafya. Alikuwa akiigiza vizuri, hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Kit Mikayi pia niliachwa. Shangazi alikuwa ametuma nauli ya mtoto mmoja na mtu mzima mmoja, basi ikawa hivyo. Jioni Lilian alinikalisha kitako kunisimulia mimi hadithi ya kwetu, kana kwamba ndiye aliyezaliwa Seme: kwamba zamani mzee mmoja aliyapenda yale mawe hadi akawa anashinda huko kutwa, mke wake akimpelekea chakula, na watu wakiuliza mzee yuko wapi, mke anajibu yuko kwa mke wake wa kwanza, yaani yale mawe, na ndiyo maana ya jina Kit Mikayi. "Mwanamke kuonea jiwe wivu!" akacheka Lilian. Mimi sikucheka. Nilimwelewa yule mke barabara, na nilitamani kujua kama alipewa hata siku moja nafasi ya kulisukuma jiwe lile liporomoke.

Lakini niliyavumilia yote hayo, kwa sababu boti ilikuwa karibu kuisha, na mvumilivu hula mbivu. Fundi seremala alipomaliza kuziba mianya kwa pamba, Baba aliniita mapema nikamsaidie kubeba makopo. Niliosha mikono mara tatu. Lilian akaomba kuja, akaja. Pale ufukweni palikuwa na watu wa kutosha: Mzee Ogola na wavuvi wake, wauza dagaa wa omena, na bibi mmoja anayesuka vikapu vya mafunjo. Baba alipiga mistari ya chaki, akachovya brashi kwenye rangi nyekundu, akageuka. Nilikuwa tayari nimenyoosha mkono. Na hapo Mzee Ogola akauliza, "Na huyu wa kofia ni nani?"

"Ni mpwa wangu. Mgeni, kutoka Nairobi," Baba alisema.

"Yawa! Mgeni yuko hapa na wewe unashika brashi? Wacha mgeni aandike. Mgeni anakuja na baraka, na boti jina yake ni Baraka."

Watu wakapiga makofi. Nilimtazama Baba. Najua aliniona, kwa sababu macho yake yalinipita haraka, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Angeweza kusema hapana. Badala yake alicheka kicheko cha kumridhisha mteja, akamkabidhi Lilian brashi, na mimi akanipa kopo nimshikie. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Siku ile nilijua kuna mwenyeji anayeugua.

Lilian hakuwahi kushika brashi ya rangi ya mafuta. Alianza juu ya mstari akaishia chini yake, akavuta tumbo la kwanza likawa kubwa kuliko la pili, na herufi nzima ikaegemea nyuma, B iliyolala chali kama mlevi aliyeshiba. Rangi ikachuruzika. Watu wakacheka kwa mapenzi, wakamwambia hongera. Furaha iliyonipata sitaificha: ilikuwa mbaya, ilikuwa mbaya sana, na kila mwenye macho aliiona. Baba alimalizia herufi tano zilizobaki, zikasimama wima nyuma ya ile mgonjwa. Tukirudi nyumbani aliniinamia sikioni, Lilian asisikie: "Usinune. Ikikauka, keshokutwa utaifuta na kuandika yako. Mgeni hatajua." Nililala usingizi mtamu kwa mara ya kwanza tangu likizo ianze.

Mzee Ogola hakungoja keshokutwa. Alisikia mbuta wamesogea, akaitia boti ziwani rangi ikiwa bado mbichi. Asubuhi ya siku tuliyoahidiana, nilipofika Dunga na Baba, nikiwa na kitambaa changu na chupa ya tapentaini, boti ilikuwa imerudi imejaa, imezama karibu kufikia ukingo, na wanawake wanasukumana majini na beseni zao. Baba akanisogeza mbele. Mzee Ogola akaweka mkono wake wenye magamba ya samaki juu ya ile B.

"Hiyo usiguse."

"Mzee, imelala. Watu watanicheka mimi fundi," Baba alimwambia.

"Wacha wacheke. Umeona samaki? Hii ni mkono ya mgeni. Unataka kufuta baraka yangu? Aa, wapi!"

Nilisema, "Mimi nitaiandika vizuri." Sauti ilitoka ndogo. Mzee akanitazama kwa huruma, akanipapasa kichwa. "Wewe ni wetu, mama. Wewe utaandika siku nyingine."

Siku nyingine ilikuja mapema kuliko nilivyodhani, na heri isingekuja. Juma lile lote Ogola alirudi na samaki, na juma lililofuata, na wavuvi si watu wa kuiachia bahati ipite. Kijana mwenye boti ya pili alimjia Baba akitaka jina la boti yake, nalo likianza na B, liandikwe upya, herufi ya kwanza ilale. Akaja wa tatu, akaja wa nne. Baba alikataa kwanza, akasema yeye ni fundi, hajaanza kulewa. Lakini kazi ni kazi. Alipojaribu, mkono wake ulikataa. Miaka yote ya kusimamisha herufi ilikuwa imemkaa kwenye mifupa, na kila aliyoilaza ilijiinua yenyewe. Lilian alikuwa ameshapanda basi kurudi Nairobi na kikapu cha mafunjo na samaki waliokaushwa. Basi Baba akanikabidhi brashi, mbele ya watu wale wale, akaniambia, "Adhi, iandike kama ya Lilian."

Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Niliandika. Nilikuwa nimeitazama ile B kwa chuki nyingi kiasi kwamba niliijua kila pindo lake, tumbo kubwa, tumbo dogo, hata pale rangi ilipochuruzika. Nilichuruzisha pia. Baba alirudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa, na sifa niliyoisubiri mwaka mzima ikatoka: "Umeilaza vizuri kuliko mwenyewe." Watu wakapiga makofi. Niliangalia ziwa, kwa sababu machozi yalikuwa karibu na sikutaka wadhani ni ya furaha.

Baba ametangulia mbele ya haki, na brashi zake ninazo mimi. Kisumu imechangamka. Kuta za mjini zimejaa michoro ya vijana, Dunga kuna daraja la mbao linaloingia ndani ya mafunjo, na vijana wenye simu wanaongoza wageni kuwaonyesha ndege, viboko na vikapu. Mchana huwapeleka pia kwenye boti. Nimewasikia kwa masikio yangu wakieleza kwamba herufi ya kwanza hulazwa kwa sababu wazee wa zamani waliliinamia ziwa kwa heshima. Wageni wanapiga picha. Mimi hukaa kimya na kopo langu, maana hiyo ndiyo kazi inayonilisha: nina uwezo wa kusimamisha herufi yoyote, na hakuna mvuvi anayeniomba nisimamishe ya kwanza. Viboko nimeshawaona, nilijipeleka mwenyewe nikiwa mtu mzima, na nililipa kama mgeni.

Mwaka jana Lilian alikuja na watoto wake wawili. Ana mvi kidogo, zinampendeza, na hilo nalo limenikera. Alikuwa na orodha kwenye simu, mambo ya lazima kufanya Kisumu, nami nikawazungusha kote kama Baba alivyofanya. Tulipofika kwenye boti akapanga watoto wapigwe picha, akauliza mbona ile B ya kwanza imelala. Nilikuwa nimeingoja saa hiyo miaka thelathini. Nikamweleza yote: boti ya Mzee Ogola, rangi nyekundu, makofi, samaki, wavuvi waliopanga foleni wakitaka mkono wake. Alinisikiliza kwa makini, mdomo wazi.

"Mimi?" akasema. "Mimi niliandika boti? Adhi, sikumbuki kabisa. Nakumbuka ule mwiba tu." Akacheka, akaligusa lile tumbo kubwa la herufi kwa kidole. "Na wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

Nilimwambia nilikuwa pale pale. Akatikisa kichwa, akaniomba radhi kwa kutokumbuka, na moyoni hakuwa na kinyongo wala doa, mwepesi kabisa, akawafuata wanawe majini. Nami nikabaki nimeona gere kama siku ile ile ya soksi nyeupe, kwa sababu hata katika kusahau, Lilian amenitangulia.