Chupa Nyekundu ya Kinyozi

Kila asubuhi ya Septemba, Marlys humwona jirani yake, kinyozi mstaafu, akitoka na chupa nyekundu ya maji ya sukari: kikombe kimoja cha sukari kwa vinne vya maji, yamechemshwa na kupozwa. Akishaitundika uani ili ndege wanywe, hatulii. Huketi, husimama, huwahesabu ndege wavumaji, wadogo kama kidole gumba, na vidole vyake hukata hewa kana kwamba bado vimeshika mkasi. Binti yake anamtaka ahamie kwake Texas kabla ya theluji. Amemjibu kwamba atakwenda ndege wa mwisho akishaondoka. Na mtaani hapo watu huamini kuwa chupa isipoondolewa, ndege husahau safari yao ya kukimbia baridi. Juzi alibaki mmoja. Jana kinyozi akazidisha sukari. Leo baridi imeuma, na ndege yule amekunywa, akapanda juu ya paa, akashika njia ya kusini.

"Haya mzee, kafunge mizigo!" Marlys akamtania kutoka uani kwake. "Wa mwisho ndiye huyo kaenda."

Vidole vikakata hewa mara mbili.

"Si huyo," akasema. "Wa mwisho huwa ananiaga."

Akaingia ndani kuchemsha sukari nyingine.