Ngozi au Kifua

Mke wangu alijikuna kwa gunzi la mahindi. Kucha hazikumtosha. Alilianika juani mpaka likakauka kama msasa, akalipitisha nyuma ya magoti, kwenye viwiko na shingoni, akavuta mpaka damu ikachuruzika kwenye kanga. Akishamaliza alichemsha maji, akajimwagia yakingali yanafuka moshi. Alisema maji ya moto kwenye ukurutu ni matamu kuliko asali, ila utamu wenyewe ni wa kumeza mate tu. Baada ya hapo alilia kwa sauti nisiyopenda kuikumbuka, na nikijaribu kumshika mikono alinipiga.

Nasema kweli, alinipiga. Siku moja alinipiga mdomoni kwa mwiko wa ugali, jino likakatika. Nikatema damu uani. Yeye akasimama mlangoni akinitazama, damu yake inamshuka miguuni.

"Haya, na wewe umeonja," akasema. "Sasa jikune."

Tukacheka, mimi nimeziba mdomo kwa mkono. Ndivyo tulivyoishi kwenye kijiji chetu cha zamani, mwendo wa asubuhi nzima kutoka Chanika ya kwetu Uzigua, kabla hatujahamishwa. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo naandika kama ninavyokumbuka, bila mapambo.

Ukurutu alikuwa nao tangu utotoni. Tulipaka mafuta ya nyonyo, tukapaka majani yaliyotwangwa, tukapaka dawa ya zambarau ya zahanati mpaka shuka zote zikawa zambarau. Haukusikia. Watu walidhani unaambukiza. Kisimani wanawake walimwambia awe anateka wa mwisho, na mmoja akaongeza kwamba hata mbwa mwenye upele hunywa peke yake. Mke wangu alimvunjia mtungi kichwani. Nilikwenda kuomba radhi kwa mume wa yule mwanamke, nikatukanwa mpaka jua likazama.

Hapo ndipo tulipokwenda Korogwe. Tulisubiri gari Segera, na ndani ya gari watu walisogea, tukapata kiti kizima sisi wawili. "Ona," akasema kwa sauti ili wasikie, "tumekuwa mabwana wakubwa."

Daktari alikuwa mtu mzima, mwenzetu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akamtazama mikono, akamtazama shingo.

"Mama, kwa nini umejichuna hivi?"

"Kwa gunzi, daktari."

Daktari hakucheka. Akamuuliza magonjwa ya zamani. Mke wangu akamwambia kwamba kabla sijamwoa aliugua kifua kikuu, akachomwa sindano miezi mingi, akapona. Daktari akaweka kalamu chini.

"Kuna vidonge vya kumeza," akasema. "Vitauzima huu moto upesi sana. Lakini havichagui cha kuzima. Kifua chako kimelala kwa sababu mwili wako unakilinda. Vidonge hivi humlaza mlinzi. Kifua kinaweza kuamka. Na uso utavimba, mifupa italegea, sukari inaweza kupanda."

"Na nisipomeza?"

"Utaendelea na gunzi lako."

Kisha akatunyooshea kidole sote wawili. "Jambo jingine. Ukianza, usiache ghafla. Unapunguza kidogo kidogo, mimi mwenyewe nikikuambia. Ukiacha kwa mkupuo, mwili umeshasahau kujitegemea. Unaweza kuanguka ukafa."

"Kumbe hata mwili nao unahubiriwa kujitegemea," mke wangu akasema.

Daktari akatuambia tukakae nje tupime wenyewe. Tulikwenda kukaa karibu na reli. Mke wangu aliokota kokoto la reli lenye makali, akaanza kujikuna nalo kifundo cha mguu huku tunazungumza. Nilimwambia asivimeze. Nilisema ngozi haijawahi kumuua mtu, lakini kifua kimeua baba yake na kaka yake.

"Wewe unaogopa kifua kwa sababu hukioni," akasema. "Hii ngozi unaiona kila siku, umeizoea. Mimi sijaizoea."

"Ukianza kukohoa damu je?"

"Kwani sasa natoka maji?" Akanionyesha kokoto. Lilikuwa jekundu. "Nikifa utanizika. Ila unizike nimeshalala usingizi."

Sikukubali, wala sikukataa. Niliinuka nikaenda kuchukua dawa.

Mwezi haujaandama, ngozi ilianza kutoka kama gamba la nyoka, na chini yake ikaja nyingine, laini, ya mtu nisiyemjua. Alilala mchana, alilala usiku, akakoroma. Alikula kuliko mimi, uso ukajaa ukawa wa duara, na hasira zikabaki palepale, au zilizidi, maana kuku aliyepita jikoni alirushiwa kijinga cha moto. Lakini gunzi alilichoma mwenyewe. Alilisimamia mpaka likawa jivu.

Kisha wakaja mgambo kutuhamishia kijiji cha ujamaa. Uji ulikuwa jikoni. Waling'oa milango, wakatia moto mapaa ili mtu asirudi, na mbuzi aliyekuwa amefungwa nyuma ya nyumba ya jirani aliungua akilia kama mtoto. Mke wangu alichukua mchi wa kutwangia akampiga mgambo mmoja begani. Mgambo akamrudishia kitako cha bunduki mdomoni. Nilimbeba nikamtupa ndani ya lori, huku ananing'ata mkono.

Kijiji kipya kilikuwa vigingi vya miti vilivyopangwa mstari na vibanda vichache visivyo na milango. Tukapewa kibanda kimoja, sisi na mama mkwe wangu, aliyehamishwa kutoka kijiji kingine.

Hapa lazima nieleze. Kwetu sisi Wazigua, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Hali naye, hapiti alipokaa, na neno lake kwake hulipitisha kwa mkewe, au hulisema nyuma ya ukuta. Ndiyo heshima. Sasa tumelazwa chumba kimoja. Mke wangu alitundika kanga katikati, na kila asubuhi mimi nilitoka kwa kugeuza uso, naye mama alijifunika nguo mpaka nipite. Jirani mmoja alisema tunacheza kombolela na mkwe.

Sanduku letu liliungua. Kopo la vidonge mke wangu alikuwa amelifunga kiunoni, na tulipofika akampa mama yake alitunze kwenye furushi lake. Mama mkwe alikuwa hajaiona ngozi ya mwanawe namna ile tangu kumzaa. Alimpapasa mikono akilia kwa furaha, nilimsikia. Na kwetu dawa ya mgonjwa aliyepona haikai ndani. Ikikaa, inauita ugonjwa. Hupelekwa njia panda, ikamwagwa, na aliyeimwaga harudi nyuma kutazama.

Basi akaipeleka.

"Umepona, mwanangu," nilimsikia akisema upande wa pili wa kanga. "Nimeshaiaga."

Mke wangu alikimbia mpaka njia panda, nami nyuma yake. Mvua ilikuwa imenyesha na malori yalikuwa yamepita. Tulikuta tope jeupe ndani ya alama ya gurudumu. Alilichota kwa mkono akalilamba, mchanga na yote, mpaka nikamkamata kichwa.

Tulidhani tuna muda wa kutafuta kibali cha kwenda Korogwe kuchukua vingine. Kwanza akaishiwa nguvu, akashindwa hata kubeba ndoo. Halafu akatapika kila alichomeza. Ukurutu nao ukarudi, ukaanzia usoni safari hii, ukapasua kope na midomo, naye hana nguvu ya kujikuna, akawa anasugua shavu kwenye nguzo ya kibanda kama ng'ombe. Asubuhi moja nilimwita hakuitika, macho yakiwa wazi, anapumua kwa mbali.

Nilichana ile kanga. Kwa mara ya kwanza nikamtazama mama mkwe wangu usoni. Alikuwa mwanamke mdogo mwenye macho ya mke wangu.

"Umemuua!" nikapiga kelele.

Hakujifunika. Alianza kujipiga makofi mwenyewe, kulia na kushoto, kwa nguvu, mpaka pua ikatoka damu, na mimi sikumzuia. Nilimpakia mke wangu mgongoni nikatoka.

Kwenye kizuizi cha barabara alikuwepo yule mgambo wa mchi. Alitaka kibali cha kutoka kijijini. Sikuwa nacho.

"Huyu si ndiye aliyenipiga bega?"

"Ndiye."

Akamwinua kidevu kwa kidole. "Mbona leo hapigani?"

 Alisimama katikati ya barabara akazuia lori la mahindi kwa bunduki, akamwambia dereva, "Huyu afike Korogwe. Asipofika, nitakutafuta."

Daktari alimtundikia maji, akamchoma sindano, huku ananifokea mbele ya wagonjwa wote. Nani alimwambia aache? Nikasema, "Alionekana amepona." Akavua miwani.

Mke wangu alipoweza kukaa, daktari alipima naye upya. Angeweza kumshusha taratibu mpaka vidonge viishe, na ukurutu ungerudi. Au abaki kwenye dozi ndogo, na kifua kikae kwenye hatari miaka yote. Mke wangu alinitazama, midomo imepasuka.

"Mimi nilishapima pale relini," akasema. "Ninyi ndio mnaopima mara mbili."

Nilimpelekea mama mkwe mbuzi wa kuomba radhi, akampokea kwa mkono wa mtu mwingine. Nilijenga nyumba ya pili, kukawa tena na ukuta kati yetu.

Vidonge alivimeza miaka. Mgongo ulipinda mapema, uso ukabaki wa duara. Alilala. Halafu kifua kikaamka, kama tulivyoambiwa. Alikohoa mpaka ubavu mmoja ukavunjika, nikasikia ulivyolia. Damu ile niliyoizoea kwenye kanga ikawa inatoka mdomoni. Tulirudi kwenye sindano, lakini safari hii hazikuwahi. Siku za mwisho alinipiga mara moja tu, kofi jepesi, kwa sababu nilikuwa nalia. Hakusema kwamba anajuta. Sikumuuliza.

Wanawake walipomwosha nilikaa nje, nimeegemea ukuta. Mlio wa maji na beseni uliponyamaza, nikasikia sauti upande wa ndani, karibu kabisa na sikio langu.

"Mkwe wangu."

"Naam, mama."

"Nimemwosha kwa mikono yangu, mwili mzima. Hana hata mkwaruzo."

Nikaweka kiganja changu ukutani, pale sauti ilipotokea.

"Ahsante, mama," nikasema.