Mchezo Waliouharibu

Mchezo wenyewe niliuona jukwaani nilipokuwa nasoma Ulaya. Ulihusu wanaume wawili waliopendana na kuishi pamoja mpaka uzeeni. Mmoja akafa, na yule aliyebaki akaja msibani, akawapa mkono wafiwa kama mgeni, akaenda zake. Nililia mpaka nikaona haya, maana nilimkumbuka ami yangu, ndugu yake baba, aliyekuwa akikaa Sidab.

Ami aliishi na rafiki yake miaka na miaka. Ijumaa tukienda kwao, rafiki yake ndiye aliyetukaangia samaki, na ami akimenya machungwa, la kwanza anampa yeye. Sisi watoto tukiwaita wote wawili ami. Ami alipofariki, wanaume wa ukoo tuliketi safu moja kwenye aza, hapo msibani, kupokea pole. Rafiki yake akaja, akatupa mkono mmoja mmoja, kisha akenda kukaa mwisho kabisa, karibu na viatu.

Sasa mchezo ule umefanywa filamu. Juzi niliitazama nyumbani Al Khoudh, baba kakaa nami na finjani yake ya kahawa. Humo kwenye filamu wafiwa wanamwita yule mzee na kumkalisha kati yao. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia baba wameuharibu mchezo, mambo hayendi hivyo.

Baba akaiweka finjani chini.

"Siku ile ya aza ya ami yako," akasema, "kando yangu palikuwa na nafasi ya mtu kukaa. Nnaikumbuka mpaka leo."