Daktari na Fundi wa Benchi

Shangazi yangu alikuwa mwanamke wa kwanza kufungua zahanati mtaani kwetu. Wanaume waliingia, wakamwamkia vizuri, kisha wakamuuliza daktari yuko wapi.

"Ndiye mimi."

"Haya, mama. Tutamsubiri."

Wakaenda kumsubiri barazani, ambako mumewe, fundi seremala, alikuwa akipigilia misumari kwenye benchi la wagonjwa. Kwa kuwa alikuwa na ndevu na penseli sikioni, walimmwagia magonjwa yao yote. Fundi aliitikia kwa kichwa, akaingia ndani kumweleza mkewe, akatoka na dawa. Utarishi huo aliufanya miaka thelathini! Shangazi alikesha na vitabu vya udaktari, lakini sifa za kuponya watu alizipata bingwa wa randa. Mimi niliyeandika kadi za wagonjwa, nusura nizitafune kwa hasira.

Siku shangazi alipostaafu, mwenyekiti wa mtaa alishika kipaza sauti, akamshukuru Fundi kwa moyo wake wa kumruhusu mkewe amsaidie kazi. Watu wakapiga makofi. Shangazi akatabasamu kama anavyotabasamu kabla ya kuchoma sindano.

Fundi akasimama.

"Mwenyekiti, mimi natengeneza mabenchi tu. Ile bawasiri uliyonieleza barazani, aliyeitibu ni huyu mama. Na siri yako ameitunza mpaka leo, kwa sababu yeye ni daktari na alikula kiapo. Mimi sikula."