Bi Kesho, mama anayewaaga wageni wa wodi nzima bila kumfukuza mtu

Saa kumi na mbili jioni inakaribia. Mama mmoja mfupi, mwenye viatu vya raba, anaingia wodi ya wanaume. Hana kengele, hana filimbi, na sauti hajapandisha. Mkononi ana kitambaa cha kufutia tu. Anaanzia dirishani, anafuta kabati dogo la mgonjwa ambalo wala halina vumbi, kisha anauliza kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

"Haya baba, kesho wakuletee nini?"

Mgonjwa ni dereva wa lori, mguu wa kushoto umevikwa plasta mpaka pajani. Anafikiri kidogo. "Soksi. Usiku napigwa na baridi."

"Umesikia dada?" mama anamgeukia mke wa dereva. "Soksi. Na mguu wenyewe ni mmoja, kwa hiyo pea moja inamtosha wiki mbili."

Mke anacheka, dereva anacheka huku ameshika ubavu. Kufumba na kufumbua, yule mke ameshachukua mkoba wake, ameshamrekebishia mumewe shuka, yuko mlangoni. Hakuna aliyemwambia atoke.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mama huyu ni mhudumu wa wodi. Asubuhi anapiga deki, anabadili mashuka, anamwaga vya kumwagwa. Lakini kinachomfanya ajulikane jengo zima ni hizi dakika chache za jioni, saa ya kuona wagonjwa inapofika mwisho na lazima mtu awatoe wageni. Ameifanya kwa miaka thelathini na mmoja. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye karatasi za mshahara. Wodini anaitwa Bi Kesho.

"Mlinzi wa getini anasema 'watu watoke'," anaeleza akikamua kitambaa. "Sista wa zamu anasema 'wageni, tumalize'. Mlangoni wamebandika kibao, mwisho wa kuona wagonjwa. Wote wanasema kitu kimoja, na hakuna aliyekosea. Kumaliza, kukoma, kuhitimisha, kufikia tamati, maneno mazuri hayo, yana kazi yake huko mikutanoni. Lakini mtu kalala hapa na mpira puani, wewe unamjia na mwisho? Hayo mimi nayaacha mlangoni pamoja na miavuli."

Hakuzaliwa na upole huo. Miaka ya mwanzo alipiga kengele na makofi kama wenzake, na asiyesikia alivutiwa kiti alichokalia. Kisha mumewe naye akalazwa, jengo la pili, na yeye akaja kukaa upande wa wageni.

"Jioni moja akanishika mkono, akasema, 'Mama watoto, kuna jambo nataka nikwambie.' Hapo hapo mhudumu akapiga kengele, masikioni mwangu kabisa. Basi tukaachia hapo. Mume wangu alipona, tukaishi miaka tisa mingine. Kila nikimuuliza, jioni ile ulitaka kuniambia nini, ananiambia hakumbuki." Anakunja kitambaa mara mbili. "Ametangulia na jambo lake. Mpaka leo silijui."

Tangu aliporudi kazini, kengele hakuishika tena. Alianza kuuliza habari ya kesho. Anasema mtu akishaagiza kitu cha kesho anakuwa ameaga bila kujua, na anayetoka anatoka na kazi ya kufanya. Maagizo aliyoyasikia ni ya kila namna: kitana, redio, mto wa nyumbani, mjukuu. Mmoja aliagiza mkwe wake, ili amgombeze.

Aliyemtoa jasho ni mgonjwa wa kitanda cha karibu na sinki.

Huyo ni fundi bomba, mwenye mvi na maneno machache. Alianguka kutoka kwenye ngazi akifunga tangi la maji, akavunjika nyonga. Wakampasua, mfupa ukashika. Kilichobaki ni yeye kuinuka. Lakini kila mtaalamu wa mazoezi alipomletea fremu ya kutembelea, Fundi aligeukia ukuta.

Jioni, Bi Kesho alipouliza, Fundi alijibu, "Asilete kitu." Mkewe akadhani anabana matumizi. Siku zikaenda, jibu likawa, "Na wewe mwenyewe usije, unajichosha bure." Mkewe alimfuata Bi Kesho kwenye korido akiwa amefunika mdomo kwa kiganja.

"Dada yangu, huyu ameshafunga virago rohoni. Mtu asiyetaka kitu cha kesho, mimi nimweleweje?"

Jioni iliyofuata, wiki iliyopita, Bi Kesho alikiacha kitanda cha sinki kiwe cha mwisho. Wageni wengine walikuwa wameshaondoka.

"Haya Fundi, kesho mama akuletee nini?"

"Hakuna."

"Hakuna haiuzwi dukani. Ameshaitafuta."

Wodi ikacheka. Fundi hakucheka. "Mama, saa yako imefika. Mtoe huyu, nenda kwako ukapumzike."

"Siendi. Na mkeo haendi." Bi Kesho alivuta kiti, akaketi.

Kwa miaka yote hiyo hakuwa amewahi kupitisha saa ya wageni. Sista wa zamu alichungulia, akawaona watatu wale wamekaa kama wanasubiri gari, akarudisha kichwa chake taratibu. Wodi ikatulia. Katika utulivu ule, kitu kimoja tu kilisikika: maji yakidondoka kwenye sinki. Tii. Tii.

Fundi alifumba macho. "Hilo bomba litanitoa roho."

"Limefanya nini?"

"Linavuja tangu nimelazwa. Ninyi mnalala, mimi silali. Ni washa tu, kile kipira cha ndani, kimelika."

"Tumewaambia watu wa matengenezo."

"Matengenezo gani? Kitu cha kuweka na kukaza." Akafumbua macho. Alikuwa anazungumza na dari, ila maneno yalimlenga mkewe. "Kesho, kwenye begi langu la kazi, mfuko wa pembeni, kuna spana ndogo yenye mpini mwekundu. Na washa ziko kwenye kopo la maziwa ya unga. Lete zile ndogo. Utaniletea kubwa, nakujua."

"Lini nilikuletea kubwa?"

"Siku ile ya nyumba ya mwalimu."

"Baba, siku ile ulisema kubwa."

"Nilisema ndogo."

Bi Kesho aliinuka, akafuta kabati lisilo na vumbi. "Haya. Spana nyekundu na washa ndogo," alisema, akamwongoza yule mke hadi mlangoni. Korido nzima mke alikuwa akirudia, alisema kubwa, wallahi alisema kubwa, na machozi yanamtiririka.

Kesho yake Fundi aliishika ile fremu aliyokuwa akiikataa. Alivuta hatua mpaka kwenye sinki, mkewe upande huu, mtaalamu wa mazoezi upande ule, na wagonjwa wote wakimwelekeza kana kwamba wodi nzima ni mafundi. Kufungua alifungua mwenyewe. Kukaza akamwachia mkewe. Bomba likanyamaza. Sasa analalamika kwamba anamsikia dereva akikoroma.

Leo Bi Kesho amefika kitandani kwake na swali lake lilelile.

"Viatu vyangu," Fundi anajibu bila kusita. Kisha anamzuia kwa mkono. "Na wewe je? Tunasikia mwezi ujao unastaafu. Kesho yako wewe, uletewe nini?"

Mama huyu, aliyeuliza watu miaka thelathini na mmoja, anafuta tena kabati lisilo na vumbi. Inaonekana hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Kiti," anasema. "Humu kuna watu jioni zote hawana mgeni. Nataka nirudi nikae nao. Nije na mkoba wangu, kama mgeni yeyote."

"Na atakayeshika kazi yako akija kuwatoa kwa makofi?"

"Sitasikia. Uzee una faida zake."

"Akikuvutia kiti ulichokalia?"

Bi Kesho anakunja kitambaa, anakiweka mfukoni.

"Nitakaa palepale," anasema, "mpaka aniulize habari ya kesho."